Mwanafunzi Anapotaka Kuhama Chuo



Liko ombi linalotufikia karibu kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapomaliza miezi yao michache ya mwanzo chuo kikuu. Mzazi husubiri baada ya Misa mpaka wengine waondoke, kisha husema: "Baba Paroko, zungumza na mtoto wetu, ameanza kusema anataka kuhama chuo." Mara nyingi maneno "zungumza naye" yana maana ya "mzuie". Safari hii tumeona vema tulisemee jambo hili mbele ya wote, kwa kuwa si la nyumba moja.

Hapa Magoma kijana haendi chuo kikuu peke yake. Huenda na magunia ya mahindi yaliyouzwa kabla bei haijapanda, na fedha ya mkonge ya baba yake, na michango ya jumuiya ndogondogo, na bahasha ya shangazi aliyeko Korogwe mjini. Ndiyo maana neno lake la kuhama halimgusi mzazi tu. Linawagusa wote waliochanga, na baadhi yao huona kana kwamba wamedhulumiwa. Tumepata kumsikia muumini mwema kabisa, mtu wa sala, akisema: "Sisi tulimchangia akasomee ualimu, huo uhasibu ameutoa wapi?" Kwa hili hatukubaliani naye. Aliyemchangia kijana kwa upendo hakununua hisa katika maisha yake. Mchango ule ulikuwa sadaka, na sadaka ikishawekwa kikapuni haifuatwi tena na mwenyewe. Hata hivyo kijana naye anawiwa jambo moja na watu wake, nalo ni kuwaeleza mwenyewe, kwa heshima, sababu zake, kabla hawajazisikia kwa kondakta wa basi.

Nao wanaomwambia avumilie tu hawatendi haki. Uvumilivu ni fadhila, lakini tumeuzoea hata tunaufanya jibu la kila swali. Tukumbuke jinsi wengi wa vijana wetu walivyofika katika kozi walizo nazo. Tangu mwaka 2010 maombi ya kujiunga na vyuo yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja chuoni. Katika taratibu zote mbili, mtoto wa kijijini asiye na kompyuta alikwenda kwenye steshenari, akajaziwa fomu na mtu asiyemjua, foleni ikiwa ndefu nyuma yake. Kozi ya tatu au ya nne katika orodha iliwekwa ili kujaza nafasi, na ndiyo aliyopangiwa. Kumwambia kijana huyo kwamba huo ndio wito wake kutoka kwa Mungu ni kumsingizia Mungu kazi ya steshenari.

Basi tufanyeje? Tunapenda kumleta kwenu mwanafunzi mmoja aliyehama vyuo, tena mara mbili: Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wengi tunamjua kama mwanzilishi wa Wajesuiti, na tunasahau kwamba alikuwa mwanafunzi mtu mzima aliyehangaika sana na masomo. Mwaka 1526 alianza katika Chuo Kikuu cha Alcalá, Hispania. Alisoma mambo mengi kwa pupa na bila mpangilio, huku akifundisha watu sala, na wakuu wa Kanisa wakamtilia shaka hata akawekwa kizuizini. Mwaka 1527 akahamia Salamanca, na huko nako akafungwa. Ndipo alipokwenda Paris, akafika mwanzoni mwa mwaka 1528, akiwa na miaka kama 37.

Na huko Paris alifanya nini? Alirudi nyuma. Aliona kwamba msingi wake ulikuwa mbovu, akaingia chuo cha Montaigu kujifunza sarufi ya Kilatini upya, akikaa darasani na wavulana wadogo. Fedha zake alimwekesha mwenzake wa nyumba, naye akazitumia zote. Inyasi akahamia hospitali ya maskini na kuombaomba, na wakati wa likizo alikuwa akienda mpaka Flandria kutafuta msaada kwa wafanyabiashara Wahispania. (Wanaolalamikia kuchelewa kwa fedha wanayoiita bumu wanaye msimamizi mbinguni.) Mwaka 1529 aliingia chuo cha Mtakatifu Barbara, akakaa chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, na mwaka 1535 akapata shahada yake ya uzamili. Hatujui historia ya Kanisa ingekuwaje kama angebaki Salamanca kwa ajili ya kuogopa maneno ya watu. Tunajua kwamba kuhama kulimgharimu miaka, naye alikubali kuilipa gharama hiyo kwa macho mawazi.

Mtu huyohuyo, katika Mazoezi ya Kiroho, aliacha shauri ambalo watawa na mapadre hufundishwa mapema: wakati wa ukiwa wa roho, mtu asigeuze uamuzi alioufanya alipokuwa na utulivu. Haya mawili hayapingani. Inyasi hakuihama Salamanca kwa sababu alikuwa mpweke wiki ya tatu. Alikuwa ameona jambo kuhusu masomo yake, akaenda mahali ambapo jambo hilo lingerekebishwa.

Hapo ndipo sisi tunapoanzia na kijana. Hatumwulizi kwanza anakwenda wapi. Tunamwuliza lini wazo hili lilimjia. Kama lilikuja usiku ule matokeo ya jaribio la kwanza yalipobandikwa, au baada ya kuachana na mchumba, au kwa sababu wenzake wa sekondari wako Dar es Salaam naye yuko peke yake mkoa wa mbali, tunamsihi amalize muhula kwanza. Kama amekuwa nalo katika siku njema na mbaya, na anaweza kutaja kozi anayoitaka na kwa nini haipatikani alipo, basi tunazungumza habari nyingine. Na pakiwa na ugonjwa, au unyanyasaji, au mzazi wa kuuguza nyumbani, hatungoji muhula uishe. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani tumewahi kutaja pia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa kuwa kina vituo mikoani, Tanga ukiwamo.

Sasa gharama. Kwa utaratibu wa TCU, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza huhesabiwa krediti 120, na shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360. Anayehama hachukuliwi na krediti zake zote kama mtu abebavyo begi. Chuo kipya hulinganisha kozi moja baada ya nyingine, na isiyolingana huachwa. Kwa hiyo anayehama mwaka wa pili aweza kujikuta amerudi wa kwanza. Lazima pia atimize sifa za kuingia katika kozi mpya, nafasi iwepo, na maombi yafanywe ndani ya muda unaotangazwa, kwa kupitia vyuo vyenyewe. Tena mkopo haumfuati mwanafunzi kwa miguu yake. Ni juu yake kuhakikisha kwamba Bodi ya Mikopo imepata taarifa ya uhamisho, vinginevyo yeye atakuwa mahali pamoja na fedha mahali pengine. Haya yote yaulizwe kwa maandishi katika ofisi ya udahili, na jibu litunzwe. Rafiki anayesema "njoo tu, utapokelewa" si ofisi ya udahili.

Kutunza karatasi si jambo dogo. Mwaka 2016 TCU ilipovifunga vyuo vya Chuo Kikuu cha St. Joseph vilivyokuwa Songea, na baadaye kampasi ya Arusha, wanafunzi ambao hawakuwa wameomba kuhama walijikuta wakipelekwa vyuo vingine. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, rekodi ya matokeo ndiyo mali aliyo nayo.

Wapo wazazi wanaotaka mtoto ahamishwe kutoka chuo cha serikali aende SAUT Mwanza, kwa sababu tu ni chuo cha Maaskofu na "huko hatapotea". Tunakiheshimu sana chuo hicho, na mwenye kozi yake kule aende kwa furaha. Lakini kumhamisha mtoto ili chuo kimlindie imani si sababu inayotosha. Katika vyuo vya serikali kuna huduma za kichungaji na kuna TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, na kijana asiyekwenda Misa hatua chache kutoka bwenini mwake hatabadilishwa na safari ya kwenda Mwanza. Zamani za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, anayesomea sheria alikwenda Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Walifuata somo, na hatujasikia kwamba imani ya wale wa Nairobi ilikuwa haba.

Mwisho, kwa wazazi wanaotuomba tuandike barua. Barua ya utambulisho tutaiandika. Ya kuomba kuhama haiandikwi na paroko wala na baba mzazi. Ataiandika mwanafunzi mwenyewe, na akitaka tuisome pamoja kabla haijatumwa, aje nayo ofisini likizo hii pamoja na nakala ya matokeo yake na barua ya mkopo.