Wimbo Unamcheka Nani?

Ziko nyimbo zinazochekesha huku zikiuma. Mwaka 2001 Eric Wainaina alitoa albamu yake Sawa Sawa, na ndani yake mlikuwamo “Nchi ya Kitu Kidogo”. Kwa mdundo wa kuchezeka aliikejeli hongo, ambayo sisi Wakenya tumeipamba kwa majina matamu: chai, kitu kidogo. Watu walicheka, kila mmoja akidhani anasemwa jirani yake.

Baadaye zikaja Twende Twende ya 2006 na Love + Protest ya 2011, ambayo jina lenyewe linatia mapenzi na malalamiko chungu kimoja.

Sasa tuingie nyumbani, hapa Njiru. Baba anauimba wimbo huo sebuleni, kisha kesho yake anamkunjia karani noti ili mwanawe apate nafasi shuleni. Mama anajua, ananyamaza. Mtoto anaona. Siku naye akikunja noti yake, tutamkanya kwa mdomo upi?

Wazazi, sikilizeni wimbo huo pamoja na watoto, mkawaeleze kwamba mtoaji na mpokeaji wote wanachekwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.