Tamthilia za Korea: Mashabiki wabashiri, mwisho umekwishaandikwa

KATI ya Novemba 2015 na Januari 2016, swali moja liliwagawa watazamaji wa televisheni nchini Korea Kusini: Deok-sun ameolewa na nani?

Deok-sun ni binti wa mtaa wa Ssangmun-dong, jijini Seoul, katika tamthilia ya "Reply 1988" iliyorushwa na kituo cha tvN kila Ijumaa na Jumamosi usiku. Mtazamaji alikuwa akionyeshwa Deok-sun wa utu uzima, ameketi na mumewe wakikumbuka ujana wao, lakini jina la mume likafichwa. Waliodhaniwa walikuwa wawili: Jung-hwan, kijana mwenye ulimi mkali anayependa kimyakimya, na Taek, bingwa wa baduk, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe, ambaye nje ya mchezo huo ni mzito wa karibu kila jambo.

Mabishano yaliyofuata yalifanana na ya mahakamani. Kambi ya Jung-hwan ilishikilia kwamba mume yule wa makamo ana kejeli na majibu ya mkato, tabia ambazo Taek hakuwa nazo kabisa. Kambi ya Taek ikajibu kwamba watayarishaji walewale walikwishacheza mchezo huu katika "Reply 1997" ya mwaka 2012 na "Reply 1994" ya mwaka 2013, hivyo dalili iliyo wazi mno haifai kuaminiwa. Katika sehemu ya 18, Jung-hwan alimtamkia binti huyo mapenzi yake mbele ya rafiki zao, kisha akasema anatania. Wapo waliolia, na wapo walioapa kwamba bado hajashindwa.

Sehemu ya mwisho, Januari 16, 2016, ilipata kiwango cha watazamaji cha asilimia 18.8, rekodi kwa vituo vya kulipia nchini humo wakati huo. Mume alikuwa Taek. Walioshindwa walikasirika, na hasira yao haikutokana na mapenzi peke yake. Walishuku kwamba hadithi iligeuzwa njiani.

Kushuku huko hakukuwa upuuzi. Kwa miaka mingi tamthilia za Korea Kusini ziliandikwa huku zikirushwa. Kituo kilianza kuonyesha hadithi kikiwa na sehemu chache tu mkononi, kisha mtunzi akaendelea kuandika sehemu mbili kila wiki, kila moja ikiwa na urefu wa saa moja au zaidi. Miswada ilifika kwa waigizaji vipande vipande, wakati mwingine siku ileile ya kupiga picha. Katika hali hiyo, maoni ya watazamaji yalimkuta mtunzi akiwa bado na kalamu mkononi. Mhusika aliyependwa aliweza kuongezewa nafasi, na hadithi iliyovuma kuongezewa sehemu.

Kwa hiyo, shabiki aliyebashiri alikuwa pia anadai. Ilikuwa kama kitendawili ambacho mtegaji mwenyewe hajaamua jibu lake: msikilizaji akikataa katakata kutoa mji, huenda jibu likageuzwa.

Mfano unaotajwa sana ni "Lovers in Paris" ya kituo cha SBS, mwaka 2004, iliyotungwa na Kim Eun-sook akishirikiana na mwenzake. Kiwango cha watazamaji kilivuka asilimia 50, jambo ambalo leo ni kama ndoto. Mwishoni ikabainika kwamba mapenzi ya tajiri na binti maskini yalikuwa mswada uliokuwa ukiandikwa na binti huyo mwenyewe. Malalamiko yalianza hata kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa, kwa kuwa habari zake zilikwishavuja, na kwa muda mfupi ikawa kana kwamba taifa zima linajadiliana na mtunzi juu ya haki ya watu wawili ambao hawajawahi kuishi.

Majadiliano hayo yalikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na shabiki. Ililipwa na mafundi wa taa, wapiga picha, wasaidizi wa waongozaji na waigizaji waliofanya kazi usiku kucha ili sehemu ya kesho iwahi hewani. Mwaka 2011 mwigizaji mkuu wa tamthilia moja ya KBS aliacha kazi katikati na kupanda ndege kwenda Marekani, akilalamikia ratiba. Wengi walimlaumu yeye kuliko ratiba. Mwaka 2016 msaidizi wa mwongozaji wa tamthilia ya tvN alijiua, na familia yake ikapigana hadi kampuni husika ikaomba radhi mwaka 2017. Hapo ndipo umma ulipoanza kuona kilichokuwa nyuma ya zile sehemu mbili za kila wiki.

Mabadiliko yalikuja kwa njia zaidi ya moja. Kwanza lilikuwa soko la China. "Descendants of the Sun" ya mwaka 2016, ambayo Kim Eun-sook alikuwa mmoja wa watunzi wake, ilirekodiwa yote kabla ya kurushwa, kwa sababu ilipaswa kuonyeshwa China wakati mmoja na Korea na wakaguzi wa huko hutaka kuona kazi nzima kwanza. Ilifikia asilimia 38.8 nyumbani. Kisha yakaja marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 2018, yaliyoshusha ukomo wa saa za kazi kwa wiki kutoka 68 hadi 52 na kuiondoa sekta ya utangazaji katika orodha ya zilizosamehewa ukomo huo, ingawa vibarua na wenye mikataba ya muda hawakufaidika sawasawa na walioajiriwa. Pamoja na hayo ikaja Netflix, inayonunua hadithi iliyokamilika.

Kwa shabiki, matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. "Squid Game" ilipotoka Septemba 17, 2021, sehemu zote tisa zilitolewa kwa siku moja. Hapakuwa na wiki ya kusubiri wala cha kudai. Watu wakageukia kubashiri kwa kurudi nyuma: kwamba mzee Il-nam ni baba wa Gi-hun, kwa sababu ya maziwa na uchochoro unaofanana na wa utotoni. Dhana hiyo iliishi karibu miaka minne, na hadithi ilipofungwa Juni 2025 haikuwa imeithibitisha.

Hata pale subira iliporudishwa, ilirudishwa kama mbinu ya biashara. "The Glory", pia ya Kim Eun-sook, ilikatwa vipande viwili: sehemu nane Desemba 30, 2022 na nane nyingine Machi 10, 2023. Katikati, mashabiki walishinda wakiuliza nani amemuua Son Myeong-oh. Walichunguza viatu, chupa na nyuso. Lakini jibu lilikwisharekodiwa, na mtunzi aliyebishaniwa mwaka 2004 safari hii hakuwa na cha kubadilisha.

Nguvu ya watazamaji haikutoweka, imebadilika sura. Machi 2021, "Joseon Exorcist" ya SBS ilifutwa baada ya sehemu mbili tu, ingawa sehemu kubwa ilikwisharekodiwa. Watazamaji walikasirishwa na jinsi ilivyowachora wafalme wa Joseon na kuweka vyakula vya Kichina mezani, wakawaendea wadhamini, na wadhamini wakajitoa mmoja baada ya mwingine. Umma ambao hauwezi tena kumwomba mtunzi asogeze sentensi moja umegundua kwamba unaweza kuizima kazi nzima. Kwa yeyote anayejali utunzi, badiliko hilo ni la kutia wasiwasi zaidi kuliko kelele za zamani juu ya nani amwoe nani.

Desemba 25, 2022, "Reborn Rich" ya kituo cha JTBC ilimalizika kwa asilimia 26.9. Katika riwaya iliyozaa tamthilia hiyo, shujaa aliyezaliwa upya ndani ya familia ya matajiri hubaki humo na kutwaa kampuni. Katika televisheni aliuawa, kisha akazinduka katika mwili wake wa awali. Watazamaji walilalamika kwamba wamefanywa kuota, lalamiko lilelile la "Lovers in Paris" miaka 18 nyuma. Upigaji picha ulikuwa umekwisha miezi kadhaa kabla, na waigizaji walikuwa kwenye kazi nyingine.