Kishikwambi cha bei nafuu: thamani iko kwenye kalamu

Vyuo vikifunguliwa na bumu likiingia, maduka ya vifaa vya kielektroniki Kariakoo hupata mteja anayetambulika kwa mbali: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeulizia kishikwambi chenye kalamu. Mbele yake hufunguliwa boksi lenye kila kitu, kuanzia kibodi na mausi hadi kava, spika za masikioni na kalamu, vyote kwa bei isiyofika nusu ya kifaa cha kampuni kubwa. Ukihesabu vitu, hakuna biashara nzuri kuliko hiyo. Ukihesabu kazi iliyomleta dukani, yaani kuandika na kuchora kwa mkono, mara nyingi ameuziwa kila kitu isipokuwa alichokifuata.

Kununua cha bei nafuu si kosa. Vipo vishikwambi vya bei ya chini vinavyoandika vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kuacha madaftari. Kosa ni kuichukulia kalamu kama nyongeza ya ndani ya boksi, sawa na kava, ilhali kwa anayetaka kuandika kalamu ndiyo bidhaa yenyewe.

Kalamu hizi hazifanani, na tofauti yake haionekani kwa macho. Ile inayotolewa bure, yenye ncha ya mpira au kisahani cha plastiki, haina chochote ndani. Kazi yake ni kukidanganya kioo kiamini kwamba kimeguswa na kidole. Kwa hiyo kioo hakiwezi kutofautisha ncha ya kalamu na kiganja: mwandishi akilaza mkono kama alivyozoea kwenye daftari, michirizi inatokea pembeni. Akandamize au aguse juu juu, unene wa mstari haubadiliki. Kifaa kiwe na kasi ya namna gani, kalamu hiyo itabaki kidole chembamba.

Aina ya pili ina betri na saketi zake, na inawasiliana na kioo kilichotengenezwa kuipokea. Hapa tatizo ni ndoa: kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haiandiki kwenye kioo cha kampuni nyingine. Tangu 2015 umekuwepo mpango wa pamoja wa watengenezaji, unaojulikana kwa kifupi kama USI, wa kufanya kalamu moja ikubalike kwenye vifaa vingi, lakini si wote wanaoufuata. Anayenunua kishikwambi leo kwa matumaini ya kutafuta kalamu baadaye anacheza bahati nasibu.

Aina ya tatu ndiyo iliyobadilisha hesabu kwa mtu wa kipato cha kawaida. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, iliendeleza mfumo ambao utando uliowekwa chini ya kioo hutoa uga wa sumaku, na koili iliyo ndani ya kalamu hupokea nguvu kutoka kwenye uga huo na kujibu. Kalamu haihitaji betri wala kuchajiwa. Samsung iliuingiza mfumo huo kwenye simu za Galaxy Note mwaka 2011. Aprili 2020 ikautia kwenye Galaxy Tab S6 Lite, kishikwambi cha inchi 10.4 kilichouzwa Marekani kwa dola 350, kalamu ikiwa ndani ya boksi, yenye ngazi 4,096 za mgandamizo. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya laki nane za Tanzania, au kama shilingi 45,000 za Kenya, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji.

Laki nane si pesa ndogo, lakini ilinganishwe na mpinzani wake mkuu. iPad ya kawaida iliyotoka Machi 2025 ilianzia dola 349 bila kalamu. Apple Pencil ya USB-C, iliyoingia sokoni mwaka 2023 kwa dola 79, haihisi mgandamizo kabisa: inafaa kuandikia noti, lakini mchoraji anayetaka mstari unaonenepa na kukonda ataikimbia. Anayetaka mgandamizo kwenye iPad hiyo hulazimika kununua kalamu ya kwanza ya 2015, ya dola 99, na jumla inavuka dola 440. Faida ya upande huo ipo: programu ya Procreate, inayopendwa na wachoraji wengi, inapatikana kwenye vifaa vya Apple pekee na hulipiwa mara moja tu. Hata hivyo Android haina njaa ya programu. Ibis Paint, Sketchbook na Krita zinapatikana, na kuandika juu ya PDF za mhadhiri hakuhitaji kulipia chochote.

Nani basi anahitaji kalamu? Swali hili ndilo wauzaji hawaulizi. Sensa ya Agosti 2022 nchini Tanzania iliendeshwa kwa vishikwambi, na baada ya kazi vifaa hivyo vikakabidhiwa walimu. Kenya ilikuwa imeachana na madodoso ya karatasi katika sensa yake ya Agosti 2019. Kuchagua majibu, kujaza namba na kutuma ni kazi ya kidole, na ilihesabu mamilioni ya watu. Mwenye kazi ya namna hiyo, au anayesoma vitabu na kutazama mihadhara, kalamu itamwongezea gharama tu.

Wanaoihitaji kweli ni wale ambao maandishi yao hayapigiki kwenye kibodi. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora saketi, wa kemia anayeunganisha pete za kaboni, wa hisabati anayeshusha mlinganyo mistari kumi: hawa wakishika kompyuta mpakato darasani hubaki nyuma, na wakishika karatasi huishia na rundo lisilotafutika. Kwao kishikwambi chenye kalamu nzuri ni kifaa cha kazi. Mwalimu wa masomo hayo hayo anayefundisha kwa mtandao yuko kundi hilo, pamoja na mchora katuni anayetakiwa kutuma kazi gazetini kabla ya saa kumi jioni.

Yapo madai yanayovuka mpaka. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha nchini Marekani utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa mkono walijibu maswali ya kuelewa vizuri kuliko waliopiga chapa, kwa kuwa wapiga chapa walinakili maneno ya mhadhiri bila kuyachuja. Utafiti huo hutajwa sana na wauza kalamu. Kinachotajwa kidogo ni kwamba watafiti wengine waliorudia jaribio hilo na kuchapisha mwaka 2019 hawakupata tofauti ya wazi. Mzazi asishawishike kwamba kalamu itapandisha maksi za mtoto. Vivyo hivyo kwa sanaa: Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea magazeti ya Nation mjini Nairobi mwaka 1992, alijenga jina lake wakati ambapo vifaa hivi havikuwepo. Asiyechora kwenye karatasi hatageuzwa mchoraji na kioo.

Tena mchoraji mwenye kompyuta nyumbani ana njia ya mkato. Wacom na wapinzani wake wa China, kama Huion na XP-Pen, huuza vibao vya kuchorea visivyo na kioo, ambavyo huchomekwa kwenye kompyuta na kutumia kalamu isiyo na betri. Vile vidogo hupatikana kwa chini ya dola 60. Mkono unachora mezani huku macho yakitazama skrini, jambo linalohitaji mazoezi, lakini kwa kujifunza hakuna cha bei nafuu zaidi kinachohisi mgandamizo.

Aliyeamua kununua aende dukani na ubishi wake. Aombe kifaa kiwashwe, kisha alaze kiganja chote kwenye kioo na kuandika sentensi nzima. Aweke rula mshazari na kuvuta mstari taratibu: kalamu dhaifu hutoa mstari wenye mawimbi hata rula ikiwa imetulia. Akandamize na kulegeza aone kama unene unabadilika. Aandike haraka haraka atazame wino unachelewa umbali gani nyuma ya ncha. Muuzaji anayekataa majaribio haya ameshajibu.

Maandishi ya boksi yasomwe kwa mashaka. GB 16 za RAM mara nyingine ni 8 za kweli na 8 zilizokopwa kwenye hifadhi ya kifaa, na mkopo huo una kasi ndogo. Umri nao una bei yake. Tab S6 Lite ya 2020 ilianza na Android 10 na masasisho yake makubwa yakaishia Android 13, hivyo anayeinunua ya mtumba leo anapata kalamu nzuri kwenye mwili unaozeeka. Bado ni afadhali kuliko kifaa kipya kisicho na jina, mradi betri ipimwe na ncha za akiba za kalamu zipatikane, maana ncha hulika, hasa juu ya stika za kioo zenye mkwaruzo wa karatasi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayeandika hesabu na michoro kila siku anunue, hata cha mtumba, kikishafaulu majaribio ya dukani. Mchoraji anayeanza na mwenye kompyuta achukue kibao kisicho na kioo. Mzazi wa mtoto wa sekondari ya bweni asubiri, kwa sababu kifaa hicho kitalala kabatini hadi likizo. Na ambaye kazi yake ni kusoma, kutazama na kuhudhuria vikao vya mtandaoni achukue kishikwambi cha kawaida cha kampuni inayojulikana, kisha tofauti ya bei aiweke kwenye hifadhi kubwa, kava imara na bando.