RILI MBILI ZISIUZWE KABLA YA KUZUNGUSHIWA UPYA



Tumesikia. Kwenye mizani ya usipa, kilabuni, hata juzi ndani ya mtumbwi, neno ni lilelile: ushirika uziuze zile rili mbili za mshipi wa risasi, fedha iongezewe kidogo, tununue kokoro. Tena jambo hili litaletwa mkutano mkuu na kupigiwa kura. Eti mshipi ule "haushiki." Eti ni vitu vya wageni wa starehe, siyo vya mvuvi mwenye njaa.

Sisi wa kamati ya uvuvi tunapinga. Tunapinga hapa ukutani ambapo kila mtu atasoma, kwa sababu kuzunguka mlango kwa mlango tumechoka, na kila mlango tunakuta habari imeshaongezwa chumvi.

Rili zile hazikudondoka kutoka mbinguni. Zilinunuliwa kwa makato ya usipa, na usipa huo umeanikwa na akina mama wa kijiji hiki juani, mchana kutwa wakifukuza kunguru. Mwenye kusema ziuzwe kwa bei ya kutupa ajue anauza jasho la nani.

Sasa tuseme ukweli wa mambo, tukianza na aibu yetu wenyewe. Rili zilipofika, kamati ilizikabidhi kwa vijana bila kuwaonyesha lolote. Tulidhani mtu aliyezaliwa ziwani hafundishwi mshipi. Kumbe mshipi huu siyo ule tuliozoea kuuviringisha kwenye kipande cha mti. Huu ni ala ya uzi uliosukwa, na ndani yake umepita waya mwembamba wa risasi mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana unazama wenyewe bila kufungwa chubwi. Umetiwa rangi, kila yadi 10 rangi nyingine, na bunda zima lina rangi 10, yaani mita 91 hivi. Rangi hizo siyo urembo wa khanga. Ndicho kipimo chenyewe! Mkipiga kasia pole, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, kila rangi iliyoingia majini inashusha ndoana kama mita moja na nusu. Ukitoa rangi mbili uko mita tatu, ukitoa nne uko mita sita. Ukiongeza mwendo mshipi unapanda, ukipunguza unashuka. Mvuvi anayehesabu rangi anajua ndoana yake iko wapi, na alipopata samaki leo anaweza kuirudisha kesho kwenye kina kilekile.

Vijana walifanya nini? Walichukua bobini tupu (ni kama bobini ya cherehani, ila kubwa), wakazungusha mshipi wa risasi moja kwa moja juu ya chuma, kwa mkono uliolegea, wakipiga soga. Bobini haikujaa hata nusu. Wakafunga ndoana palepale kwenye mshipi wa risasi, wakaingia ziwani. Asubuhi ya kwanza mbasa akala. Bobini ikiwa nyembamba hivyo, kila mzungusho wa mkono unarudisha mshipi kidogo tu, mkono unachoka, samaki anapumzika. Halafu kadiri mshipi unavyotoka na bobini kuzidi kukonda, breki nayo inazidi kukaza bila mtu kuigusa. Vijana wakaona samaki anavuta, wakaikaza tena! Fundo likakatika. Rili ya pili ndiyo mbaya zaidi: mshipi uliteleza wote kwenye chuma ukazunguka bure, kisha ukaondoka na yadi zake 40. Wakarudi pwani wakasema haushiki.

Hivi jamani, mkulima wa kule juu Mbinga akichimba ngolo vibaya, nyasi akazipanga ovyo, mvua ikaja ikaporomosha udongo, atasema ngolo haifai? Wamatengo wangekuwa wameshahama milima ile zamani. Atarudi kwa mzee wake aulize alikosea wapi. Sisi huku chini tunakosea siku moja, siku ya pili tunatafuta mnunuzi.

Kazi yenyewe ni hii, na haimshindi mtu. Chini ya mshipi wa risasi lazima utangulie uzi wa nailoni wa kujaza bobini. Kiasi gani? Hapo ndipo wengi wanakisia, na kukisia ndiko kulikotuponza. Usikisie. Zungusha kwanza mshipi wa risasi wote kwenye bobini tupu, halafu juu yake zungusha nailoni mpaka ibaki nafasi ya milimita tatu chini ya ukingo. Kata nailoni hapo. Sasa umeshajua kipimo. Toa nailoni uizungushe kwenye chupa tupu, toa mshipi wa risasi uuzungushe kwenye chupa nyingine, kisha rudisha kinyume: nailoni chini, risasi juu. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Tumemsikia mtu akiguna kwamba ni kupoteza mchana. Kupoteza mbasa je?

Nailoni ifungwe kwenye bobini kwa fundo lisiloteleza, na juu ya fundo ubandikwe utepe. Wakati wa kuzungusha, mtu mmoja akamate mshipi kwa kitambaa kibichi na kuukaza, mwingine azungushe huku akiupanga kwa kidole gumba kutoka upande huu hadi ule, kama uzi wa cherehani. Mshipi wa risasi ukizungushwa ukiwa umelegea unajikunja, risasi ya ndani inavunjika, ncha zake zinatoboa ala, na hapo panangojea kukatika tu.

Fundo nalo lina siri. Usifunge mshipi huu ukiwa na risasi ndani. Bana ncha ya ala, isukume nyuma, risasi itokeze kama sentimeta 10, ivunje uitoe. Ala iliyobaki tupu ni uzi mtupu, unafungika vizuri na nailoni. Fanya hivyo pande zote mbili, maana na huku mbele lazima uongeze nailoni safi ya mita 6 hivi kabla ya ndoana. Mbasa ana macho. Kamba ya rangi rangi ikimfikia puani hali. Mwishoni weka kile kichuma kinachojizungusha, mshipi usijisokote, halafu kijiko kinachong'aa chenye ndoana. Mbasa mla usipa anakifukuza akidhani ni usipa. Breki ilegezwe kiasi kwamba samaki akivuta anapewa mshipi kidogo kidogo, huku analipa kwa nguvu zake.

Kipande cha risasi ulichotoa usikitie mdomoni wala usikikate kwa meno. Na hapa tunataka kusema na wale wanaoyeyusha risasi za betri za magari nyumbani wapate machubwi. Tumeona sufuria. Sufuria ileile jioni inasongewa ugali! Risasi ni sumu, na sumu yake haimpigi mtu siku ile ile, inajikusanya mwilini, na kwa watoto wadogo inaharibu akili isirudi tena. Mwenye mtumbwi asiye na chubwi atumie jiwe lililofungwa vizuri. Babu zetu walitumia jiwe.

Turudi kwenye kokoro. Hatusemi wanaoitaka ni watu wabaya. Mtu mwenye watoto sita, na mwera unavuma tangu Mei mpaka Agosti mtumbwi hautoki, anaitazama kokoro kama wokovu, kwa kuwa inavutwa ukiwa umesimama nchi kavu. Hilo tunalielewa. Lakini kokoro inakwangua pale kwenye maji mafupi, ndipo samaki wetu wengi wanapotaga na kulea. Magege jike anabeba watoto mdomoni. Ukimvuta yeye umevuta kizazi. Mbasa naye wakati wa mvua anapanda mito kwenda kutaga, Ruhuhu na mingineyo, na anayeziba mdomo wa mto kwa wavu anakula mbegu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilipiga kokoro marufuku. Mnataka ushirika ununue kwa risiti na mhuri kitu ambacho ofisa akishuka garini atakichoma moto pwani mbele ya watoto wetu? Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, maofisa hawana tena udhuru wa barabara.

Wala hatudanganyi kwamba rili mbili zitalisha kijiji. Kijiji kinalishwa na usipa na taa za usiku, na hivyo ndivyo itakavyokuwa. Lakini mbasa mmoja mkubwa anayefika Mbinga akiwa na barafu ana bei yake, na anavuliwa na watu wawili kwa kasia, bila petroli. Kina nacho kisiwatishe. Ziwa hili linakwenda chini hadi mita 700 hivi, lakini kupita mita 250 hakuna hewa na samaki haishi. Mbasa yuko huku juu wanakokaa usipa, na rangi 10 za mshipi wetu zinatosha kabisa kumtafuta.

Hoja yetu kwa mkutano mkuu ni hii: suala la kuuza liahirishwe mpaka mwera utulie, na rili zote mbili ziingie majini zikiwa zimezungushiwa sawasawa, si chini ya asubuhi kumi. Kila asubuhi iandikwe hapa ukutani: nani walitoka, rangi ngapi, samaki wangapi. Asubuhi ya bure nayo iandikwe. Baada ya hapo, zisiposhika, wanakamati wenyewe tutazibeba kwa mnunuzi.

Alhamisi saa tisa alasiri tutazizungushia upya kwenye ghala la ushirika. Ile iliyopoteza yadi 40 itaongezewa nailoni zaidi chini, kwa kipimo kilekile. Vijana waliotoka nazo mara ya kwanza waje wa kwanza, hakuna atakayechekwa. Zinatakiwa chupa tupu nne za lita moja na nusu. Kitambaa tunacho.

Kamati ya Uvuvi