Mvua Ikinyesha, Jiko Libaki Nje

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini kuna jambo limenikera hadi nimeweka programu zote kando. Leo si kompyuta. Leo ni jiko.

Hapa kwetu mvua ya masika huanza mwezi wa tatu na kwenda hadi wa tano. Kila mwaka naona kitu kile kile: mtu amewasha jiko lake uani, nyama iko juu, wingu linapasuka, naye anabeba jiko mzobemzobe anaingia nalo chumbani. Anafunga mlango ili mvua isiingie. Wageni wanashangilia kwamba nyama imeokolewa.

Nami nimefanya hivyo, kwa hiyo sijitengi. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja, mbavu zangu ziko motoni, mvua ikaja na stima ikapotea. Nikaingiza jiko, nikafunga mlango na dirisha, nikafungua laptopu kwa ile betri iliyobaki. Nilikuwa natafuta hitilafu kwenye programu ya mteja. Kichwa kikaanza kugonga. Nikasoma mstari mmoja mara tano bila kuuelewa. Nikajiambia ni uchovu, nilale kidogo nyama ikiiva.

Aliyeniokoa ni jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo, aliyekuja kuomba kiberiti. Alifungua mlango, akarudi nyuma.

"Wewe mwanangu, unachoma nyama ama unajichoma mwenyewe?"

"Lakini mama, hata moshi hakuna," nikamjibu.

"Na ni nani alikwambia moshi ndio unaua?"

Alinitoa nje kwa mkono kama mtoto. Nikakaa kwenye mvua nikitapika. Mimi, mtu wa sayansi, niliyesoma kemia shuleni miaka minne!

Sasa tusemezane ukweli. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye mapafu inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Hapo ndipo ubaya ulipo: kile kiungo ambacho kingetambua hatari, yaani ubongo, ndicho kinachozimwa mapema. Sisi waandishi wa programu tunajua hitilafu mbaya kuliko zote ni ile isiyotoa ujumbe wowote. Basi hii ni ya aina hiyo.

Hoja ninazosikia kila mara ni hizi.

1. "Makaa yakishakuwa mekundu hayana neno." Si kweli. Kinachoisha ni moshi wa mwanzo unaowasha macho. Gesi inaendelea kutoka mradi makaa yanaungua, hata yakiwa yamefunikwa na majivu.

2. "Hili ni jiko la udongo, si lile la mabati matupu." Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu napenda sana jiko hili. Jiko letu lenye kiuno na kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani lilibuniwa miaka ya mwanzo ya 1980, kwa wazo lililotokana na jiko la Thailand, kisha mafundi wetu wa jua kali wakalifanya lao. Udongo unazuia joto lisipotee ubavuni, na makaa yanaenda mbali zaidi. Lakini kuokoa makaa si kusafisha hewa! Tena ukifunga kile kimlango cha chini ili makaa yasiishe haraka, unaunyima moto hewa, na moto ulionyimwa hewa ndio hutengeneza gesi hii zaidi kwa kila kipande kinachoungua. Na kwa kuwa udongo hutunza joto muda mrefu, watu wanalipenda liwe kando ya kitanda usiku. Sifa yake ndiyo imekuwa mtego.

3. "Nimefungua dirisha kidogo." Dirisha si dohani. Usiku wa mvua utalifunga tu baridi ikizidi, na hutakumbuka kwamba umelifunga.

Wenye ploti nao wasijifiche. Mnaandika ukutani kwamba ni marufuku kupika koridoni, na mna haki, maana koridoni gesi huingia vyumba vya wote. Lakini mpangaji mmemwachia wapi? Uani hakuna hata kibanda. Nguzo nne na mabati machache, pande zote wazi, ni gharama ndogo kuliko kodi mnazokusanya kwa mwezi. Anayekataza bila kutoa mahali pengine anajua vizuri jiko litaishia wapi.

Na sasa nageukia wenzangu wa kompyuta, kama nilivyotarajia kutoka mwanzo. Nilipowasimulia kisa changu, wa kwanza alisema tuunganishe sensa ya MQ-7 na kidude cha kutuma ujumbe kwa simu. Vizuri. Sensa hiyo inataka kupashwa moto kwa volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, inarudia hivyo hivyo. Stima ikipotea ni pambo la ukutani, na stima hupotea lini? Mvua ikinyesha! Kengele halisi ya betri ni kitu kizuri, anayeweza ainunue. Lakini isiwe ruhusa ya kuingiza jiko. Tatizo linalotatuliwa na bati moja halihitaji programu, na huyu anayesema hivyo anakula kwa kuandika programu.

Mtu ataniuliza, basi tusile choma hadi mwezi wa sita? Hapana. Mimi nachoma kwenye mvua karibu kila wikendi, na nachoma hivi:

Jiko liko chini ya bati lililo wazi pande zote, mbali na milango na madirisha. Liko juu ya mawe matatu, maji yapite chini. Kimlango nakigeuza pembeni ya upepo ili mvua isirushwe ndani. Makaa yanakaa kwenye mkebe wenye mfuniko, kwa sababu kipande chenye maji hakiwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji yatoke, utapepea hadi mkono uchoke. Kikombe cha udongo kikilowa naanza na moto mdogo kwanza, maana maji yaliyo ndani ya udongo yakigeuka mvuke ghafla yanaupasua. Kwa sababu iyo hiyo simwagii maji jiko la moto. Nikimaliza nalifunika na kuliacha hapo hapo nje usiku kucha. Nyama nayo naifunika kwa sufuria iliyopinduliwa, na hiyo tu inatosha kwa manyunyu.

Wenye pesa wana yale majiko makubwa ya udongo yenye umbo la yai na mfuniko mzito. Hayo hupika vizuri kwenye mvua kwa sababu yanafungwa, lakini gesi ni ile ile, na gereji ni chumba kama chumba kingine. Yasiingizwe.

Mvua ikizidi nguvu, acha nyama ilowe. Nyama iliyolowa inarudi motoni ikaiva. Wewe ukilala pale chini hakuna wa kukuwasha tena.

Yule mama nampelekea mbavu mbili kila nikichoma. Huzipokea mlangoni, anaangalia nyuma yangu kuona jiko liko wapi, ndipo anasema asante.

Tuonane wiki ijayo, turudi kwenye kompyuta.