Adui wa Ngano Hana Likizo

Wako watu wasemao kwamba uchunguzi wa mbegu ni anasa ya wataalamu. Husema, "Ngano yauzwa duniani kote, ya nini kutumia fedha kuitafutia mbegu mpya, nasi twaweza kuinunua?" Msomaji, usiyapokee maneno hayo kabla hujayapima.

Mwaka 1998 kutu ya shina ya aina mpya ilionekana katika ngano nchini Uganda, ikapewa jina la Ug99. Kutu hii ni ukungu: hushika bua, hunyonya chakula cha mmea, na punje husinyaa kabla ya kuiva. Kwa miaka mingi ngano nyingi za dunia zilikingwa na jeni moja iitwayo Sr31. Ug99 iliishinda. Vijimbegu vyake vikachukuliwa na upepo. Ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari hata Yemen, na mwaka 2007 ikawa imefika Iran. Ni forodha gani iwezayo kuuzuia upepo?

Silaha ilitafutwa wapi? Njoro, katika nchi yetu. Tangu mwaka 2005 ngano za mataifa mengi zimepandwa huko makusudi mbele ya adui, ili ijulikane ipi itasimama na ipi itaanguka. Zilizosimama huzalishwa pamoja na zile zenye mavuno mengi, mpaka ipatikane mbegu yenye sifa zote mbili. Wakulima wa Kenya walipata mbegu ya Robin. Lakini mwaka 2014 ikazuka kutu nyingine iliyoivunja kinga yake.

Mpinzani atadakia, "Basi kazi ilikuwa bure!" La hasha. Nani alitupaye jembe kwa kuwa magugu huota tena? Adui hubadilika, aachaye kuchunguza ndiye ashindwaye. Ndiyo maana wachunguzi hukusanya jeni kadhaa katika mbegu moja, ili kutu ikivunja mlango mmoja iukute wa pili umefungwa.

Ama kununua, mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani, na mlaji wa Kenya akaumia bila ya kurusha hata jiwe. Ategemeaye ghala la jirani hula kwa amani ya jirani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha za uchunguzi ni udongo wa kuzibia ufa. Njaa ndiyo gharama ya ukuta. Chagua, msomaji, ni ipi utakayokubali kuilipa.