Ubeti wa Sita

Mwaka jana nilikuwa kwenye kivuko nikitoka Kamanga kurejea Mwanza mjini, na kijana aliyeketi kando yangu akafungulia wimbo katika simu yake. Kwa mstari wa kwanza tu nikashtuka. Lilikuwa shairi langu, nililoitungia kwaya ya shule miaka ya tisini, na lahani yake pia ni yangu. Sauti zilikuwa nzuri kuliko zetu, nakiri. Ila beti zilikuwa tano, na mimi nilitunga sita. Wa sita ndio uliobeba jina langu.

Aliyeukata alijua anachokata.

Washairi wenzangu, sisi hatukungoja serikali itufundishe umiliki. Malenga wa pwani alitia jina lake katika tamati. Huku Usukumani, manju wa Bagika na wa Bagalu hujitaja ndani ya wimbo, mbele ya umati mzima, asije mpinzani akaudai kesho. Tazameni yaliyoupata wimbo wa "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba na Boney M wakaufikisha mbali, lakini utunzi wake ukadaiwa na wengine pia, akiwamo Adam Salim. Maneno ya wimbo hayamtaji mtunzi, basi ubishi ukakosa shahidi wa ndani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa kule kubuniwa kwake tu, muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA kunampa mtunzi ushahidi. Haki yenyewe anayo tangu alipotunga. Masikini mimi, ushahidi ndio sina. Daftari langu halina tarehe (nami niliwapunguzia wanafunzi alama kwa kosa hilo hilo!), na nakala niliwagawia waimbaji bila jina juu yake.

Wapo wanaoniambia nifurahi, kwa kuwa wimbo umefika mbali. Nimefurahi. Fedha sikuomba. Ninachowaomba waimbaji ni kuimba tamati, na wahariri wanaobanwa na nafasi wapunguze kwingine.

Yule kijana nilimwomba anirushie ule wimbo. Akaniuliza, "Kumbe nawe unaupenda, mzee?" Nikamwimbia ubeti wa sita, kivuko kikikaribia gati.